Maandamano: Kufuatana Nyuma ya Msalaba



Wasikilizaji wapendwa, Jumapili ya Matawi inapokaribia, makatekista wa vigango vyetu vya pwani, kuanzia Kilwa hadi Lindi, huwatangazia waamini saa na mahali maandamano yatakapoanzia. Pengine jioni ya siku ile ile taarifa ya habari husimulia maandamano mengine: watu wameingia barabarani kudai haki au kupinga jambo fulani. Mwamini aweza kuuliza: Je, hili ni neno moja au mawili? Na kama ni moja, sisi tunaobeba matawi tunafanya nini hasa?

Neno ni moja, na asili yake ni kitenzi kuandama, yaani kufuata. Watu wa pwani husema mwezi umeandama wanapouona mwezi mpya ukifuata ule uliokwisha. Lakini kitenzi hicho kina upande wa pili. Mwenye madeni mengi husema madeni yanamwandama. Na adui humwandama mwenzake ili amdhuru. Kufuata, basi, kwaweza kuwa kwa heri au kwa shari. Tunaposema kuandamana, silabi moja ya mwisho inageuza mambo. Ile -na yaonyesha tendo la pamoja: hapana anayemwinda mwenzake, bali wote hufuatana, na mwenye nguvu hupunguza mwendo kwa ajili ya mdhaifu. Shikeni tofauti hiyo, maana ndilo fundisho letu la leo.

Maandamano yana ndugu zake katika lugha yetu. Jirani zetu Waislamu huwa na zafa wakati wa Maulidi, wakipita mitaani kwa kasida na dufu. Askari wana gwaride, ambalo huonyesha utii na nguvu. Wafanyabiashara wa zamani walikuwa na msafara, na hapa Kilwa neno hilo lina uchungu. Katika karne ya 19 misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliteremka hadi Kilwa Kivinje ikileta pembe za ndovu na watumwa, ambao wengi wao walivushwa hadi Unguja, mpaka soko la huko lilipofungwa mwaka 1873. Watu wale walikwenda kwa mstari mrefu, mmoja nyuma ya mwingine, wakiwa wamefungwa. Walifuatana, lakini hawakuandamana. Kwa maana hakuna aliyeichagua njia ile, wala aliyewaongoza hakuwapenda.

Katika Liturujia, Kanisa hutumia maandamano mara nyingi kuliko tunavyodhani. Padre na watumishi huingia kanisani nyuma ya msalaba. Kitabu cha Injili hupelekwa kwenye mimbari kwa heshima. Waamini huleta mkate na divai altareni, kisha hujipanga kwenda kupokea Komunyo. Wengi hudhani mstari wa Komunyo ni foleni tu kama ya dukani, kumbe nao ni maandamano. Tarehe 2 Februari tunaandamana na mishumaa. Katika Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo, iliyowekwa na Papa Urbano wa Nne mwaka 1264 kwa ajili ya Kanisa lote, tunatoka na Ekaristi Takatifu hadharani. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 944, husema kwamba maandamano hayo ni ushuhuda wa wazi wa heshima kwa Sakramenti hiyo.

Ushuhuda wa wazi! Hapo hatuna budi kuikumbuka historia ya mahali petu. Mwezi Julai mwaka 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco de Almeida, walifika Kilwa Kisiwani na merikebu za vita. Sultani Ibrahimu alikimbia, na mji ukatekwa. Masimulizi ya safari hiyo, yaliyoandikwa na upande wa Wareno wenyewe, yaeleza kwamba mapadre walishuka pwani wakiandamana na misalaba miwili, wakiimba wimbo wa Kanisa wa kumshukuru Mungu, Te Deum. Walikwenda mpaka jumba la Sultani, na hapo kamanda akasali. Masimulizi yale yale yaendelea kusema kwamba baada ya sala watu walianza kuupora mji, mali na vyakula. Kisha wakajenga ngome, wakaipa jina la Mtakatifu Yakobo. Mwaka 1512 waliondoka.

Ndugu wapendwa, kwa nje hayo yalikuwa maandamano kamili: misalaba mbele, wimbo mtakatifu, mapadre, watu nyuma. Lakini wenyeji wa Kilwa waliona nini? Waliona msalaba ukiwaandama. Ile -na ilikosekana. Waliotangulia na msalaba hawakumfuata aliyesulubiwa, walifuata dhahabu. Tusiifiche habari hii kwa kuona aibu, wala tusidhani kwamba ni dhambi ya wageni wa kale peke yao. Kila tunapoandamana, tunaulizwa swali lile lile: Tunamfuata nani, na mikono yetu itafanya nini tukishafika?

Kwa hiyo tunawaomba makatekista wawafundishe waamini mambo matatu. Kwanza, msalaba hutangulia. Tusiupite kwa kusukumana, wala tusigombee nafasi ya mbele. Pili, tutembee kwa mwendo wa wazee, wagonjwa na watoto, kwa sababu anayewaacha nyuma ameacha kuandamana. Tatu, tunapita katika mitaa ya jirani zetu, na wengi wao ni Waislamu. Tukikaribia msikiti saa ya sala, tupunguze sauti. Kufanya hivyo si kuionea haya imani yetu, bali ni kuitangaza kwa matendo.

Bwana wetu aliingia Yerusalemu juu ya mwanapunda, bila upanga, na hakumnyang'anya mtu kitu. Baada ya kufufuka aliandamana na wanafunzi wawili waliovunjika moyo, akifuata mwendo wao mpaka Emau. Jumapili ya Matawi, tukishayaweka matawi nyumbani, jirani ataendelea kututazama Jumatatu, tukiwa sokoni, mashambani na katika mashua za uvuvi. Atajua kwa mikono yetu tulikuwa tukimfuata nani.

Tumsifu Yesu Kristo. Milele na milele. Amina.