Njano ya Mche Uliohamishwa Husomwa Mzizini

Masika yanapokolea Kilosa, kati ya Machi na Aprili, vitalu hufunguliwa na miche huanza safari. Michungwa, miembe na mitiki hutoka kwenye viriba kwenda mashimoni. Nyanya na pilipili hoho hung'olewa kitaluni kwenda kwenye matuta. Kule Mikumi, kando ya barabara kuu ya Morogoro na Iringa, maua ya barazani huhamishwa kutoka kwenye makopo yaliyoyabana na kuwekwa kwenye ndoo au vyungu vikubwa zaidi. Siku nne au tano baadaye swali huwa moja kila mahali: mbona majani yanageuka njano, na mbona ncha zinakauka kana kwamba zimepitiwa na moto? Jibu nalo halichelewi. Mche una njaa, weka urea. Au una kiu, ongeza maji. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba majibu hayo mawili, pamoja na nia njema iliyomo ndani yake, mara nyingi humalizia mche ambao ungepona wenyewe, kwa sababu yanatibu jani ilhali aliyeumia ni mzizi.

Tuanze na jambo linalopimika. Mwaka 1727 mchungaji mmoja wa Uingereza, Stephen Hales, alichapisha kitabu cha majaribio yake juu ya mimea. Katika jaribio mojawapo alichukua alizeti iliyopandwa kwenye chungu, akaufunika udongo kwa bati jembamba la risasi ili unyevu usipate njia nyingine ya kutokea isipokuwa kupitia mmea, kisha akawa anakipima chungu kizima kwenye mizani, asubuhi na jioni. Alizeti ile, yenye urefu wa mita moja na kidogo, ilikuwa ikipoteza kwa wastani zaidi ya nusu kilo ya maji kila kutwa. Hapo ni Uingereza. Jua la saa saba mchana Mikumi halina huruma ya namna hiyo. Maji yote yanayotoka majanini hayana budi kurudishwa na mizizi, na kazi ya kuyanyonya hufanywa zaidi na vinyweleo vya mizizi, vyembamba kiasi kwamba jicho huviona kama ukungu mweupe karibu na ncha. Vinyweleo hivyo hung'ang'ania chembe za udongo. Ukiuvuta mche kutoka kitaluni, mzizi unakuja nawe lakini vinyweleo vingi hubaki ardhini. Majani yamebaki yaleyale, matumizi yao ya maji ni yaleyale, ila wachota maji wamepungua ghafla. Mche hauna la kufanya ila kupunguza majani: huyaacha ya chini yageuke njano, na huacha kingo zikauke.

Ushahidi wa wazi kabisa uko kwenye majaruba ya mpunga ya Kilosa. Mpunga uliopandikizwa husimama ndani ya maji, lakini wiki ya kwanza huwa na rangi ya njano iliyofifia, kisha hukolea kijani bila mtu kuugusa. Mkulima wa mpunga haliogopi jambo hilo kwa kuwa amelizoea. Kiu ya ardhi haiwezi kuwa sababu, maji yapo hadi kifundoni. Wala rutuba haikupotea siku ya kupandikiza ikarudi yenyewe wiki ya pili. Kilichokatika ni mizizi, na kilichorudi ni mizizi. Kilimo shadidi cha mpunga, kilichoanzia Madagascar mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kufanyiwa majaribio Mkindo, wilaya ya Mvomero iliyo jirani, kinathibitisha hilo kutoka upande wa pili. Humo miche huhamishwa ingali michanga sana, yenye siku 8 hadi 12 hivi, mmoja mmoja, ikiwa bado na udongo wake mizizini, na kupandwa upesi. Mche uliotendewa hivyo hushtuka kidogo tu. Jua ni lilelile la Morogoro; kilichobadilika ni namna mzizi ulivyoshikwa.

Hata hivyo mshtuko wa kawaida hupita, na wasiwasi unapaswa kuanza pale usipopita. Hapo inabidi kuufikiria udongo wenyewe, maana Kilosa na Mikumi zina udongo wa aina zinazopingana. Bonde la Mkondoa lina tope lililoletwa na mto, na tambarare ya Mkata ina udongo mweusi wa mbuga, mfinyanzi unaonata masika na kupasuka nyufa kiangazi. Kwa upande mwingine, viriba vingi hujazwa mchanganyiko wa udongo wa msituni, mchanga na samadi, mwepesi na wenye matundu. Ukiutia mche wa kiriba hicho ndani ya mfinyanzi, donge jepesi linaloshika mizizi hunyang'anywa maji na mfinyanzi unaolizunguka, kwa kuwa udongo laini huvuta maji kwa nguvu kuliko udongo wa mchanga. Mtu akigusa ardhi pembeni anakuta imelowa. Sentimita chache ndani, donge limekauka kama mkate wa juzi. Kwenye ndoo ya maua mambo ni ya namna yake. Mfinyanzi ukikauka husinyaa na kuachana na ukuta wa ndoo, ukaacha mwanya mwembamba ambao kalamu inaweza kupita. Ukimwagia maji, yanateremka na mwanya huo na kutokea chini upesi, nawe unaridhika kwamba mmea umekunywa, kumbe katikati hakuna tone lililofika. Inua ndoo kabla na baada ya kumwagilia, kama alivyofanya Hales kwa mizani yake: isipoongezeka uzito, maji yamepita tu. Hapo izamishe ndoo yote ndani ya beseni la maji mpaka mapovu yakome. Na ile desturi ya kuweka kokoto chini ya chungu ili maji yatoke vizuri haisaidii kama watu wanavyoamini. Maji hayashuki kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo ule wa juu ushibe kabisa, hivyo kokoto husogeza juu eneo lililolowa na kulikaribisha kwenye mizizi. Kinachofaa ni matundu ya kutosha chini, na udongo wa aina moja mpaka mwisho.

Sasa jani lenyewe lina habari gani? Lina nyingi, ilimradi lisomwe kwa mpangilio: ni jani lipi lililoanza, na rangi ilianzia wapi juu ya jani hilo. Upungufu wa nitrojeni huanza kwenye majani mazee ya chini, ukayageuza njano sawasawa, kwa sababu mmea huweza kuihamisha nitrojeni kutoka jani zee kwenda jani changa. Madini ya chuma hayahamishiki hivyo, kwa hiyo upungufu wake huonekana juu, kwenye majani machanga yanayokuwa njano huku mishipa ikibaki kijani. Mabaka meupe au ya kahawia isiyoiva, upande unaotazama juu tu, wakati majani ya chini yake ni mazima, ni kuungua na jua: mche ulilelewa chini ya kichanja ukatolewa nje ghafla bila kukomazwa. Vidoa vidogo vya njano kama vumbi, na utando mwembamba chini ya jani, ni utitiri. Pukuta jani juu ya karatasi nyeupe utaona vijidudu vikitembea. Ncha na kingo zilizoungua, zenye mpaka mkali kati ya kahawia na kijani, huashiria chumvi nyingi ya mbolea au mzizi ulioshindwa kuleta maji. Ishara muhimu kuliko zote ni ya saa. Mche unaonyauka mchana na kuinuka jioni unapambana na mizizi haba, na mara nyingi utashinda. Ule ambao asubuhi na mapema, kukiwa na umande, bado umelala, una tatizo kubwa zaidi.

Atakayepinga atasema, na ana haki, kwamba mashamba mengi ya nchi hii yana nitrojeni haba, na kwamba bwana shamba ameona mahindi ya njano yakibadilika kuwa kijani kibichi baada ya urea. Ni kweli kwa mahindi yaliyofika magotini, yenye mizizi iliyotandaa. Lakini upungufu wa nitrojeni huja polepole, kwa wiki. Njano iliyozuka siku ya nne baada ya kuhamisha haijapata muda wa kuwa njaa. Tena mzizi uliokatika hauwezi kula hata ukiandaliwa karamu. Urea ni asilimia 46 nitrojeni, chakula kizito, na ikiyeyuka karibu na mzizi hufanya kile ambacho chumvi hufanya kwa vitunguu vya kachumbari: punde tu maji hutoka kwenye kitunguu na kujaa bakulini. Mzizi uliopungukiwa maji hunyang'anywa hata yale machache uliyonayo. Samadi mbichi iliyotupwa shimoni hufanya madhara yanayofanana na hayo, kwa joto na amonia yake inapooza. Mwingine atauliza mche utakaukaje masika, wakati maji ni ya kumwaga. Utakauka kwa sababu mzizi hupumua. Udongo uliojaa maji hauna hewa, mzizi huoza, na mzizi uliooza haunyonyi maji hata ukilowekwa ndani yake. Mpunga unaokoka kwa kuwa una njia za hewa ndani ya shina zinazofika mizizini. Mchungwa na mpapai haina. Ndiyo maana kunyauka juu ya udongo uliolowa ni dalili ya kuacha kumwagilia, ingawa mkono unawasha kushika ndoo.

Lakini, watasema, kuufukua mche ili kuutazama si kuuumiza mara ya pili? Kwa mche wa chungu, hapana. Panua vidole, shina lipite katikati, geuza chungu, gonga ukingo wake kwenye meza. Donge zima litashuka kiganjani. Shambani kwenye mamia ya nyanya, ng'oa mmoja ulio mgonjwa ujue hali ya yote, au chimba upande mmoja wa shina kwa kijiti na uache upande wa pili salama. Mzizi mzima ni mweupe au rangi ya maziwa, mgumu kiasi, na una harufu ya ardhi. Uliooza ni wa kahawia, unanuka, na ukiuvuta kwa vidole ganda lake huvuka kama soksi na kuacha uzi mtupu. Kukiwa na vivimbe vilivyo sehemu ya mzizi wenyewe, visivyobanduka, hao ni minyoo fundo. Usivichanganye na vile vya kunde na maharage, ambavyo hubanduka kwa ukucha na ndani huwa na wekundu, navyo ni neema. Gome lililotafunwa usawa wa ardhi na vijia vya tope ni mchwa. Mizizi inayozunguka kama kamba ndani ya donge inaeleza kwamba mche ulikaa mno kwenye kiriba, au, na hili hutokea zaidi ya inavyokiriwa, kwamba ulipandwa na kiriba chake. Nyanya iliyonyauka ghafla ingali kijani ina kipimo chake: kata kipande cha shina la chini, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi, utazame dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kuteremka, huo ni mnyauko bakteria. Mche huo ung'olewe, na mahali pale pasipandwe nyanya, pilipili, biringanya wala viazi mviringo. Kwa yale ambayo jicho haliwezi, Kilosa ina kituo cha utafiti cha TARI kule Ilonga, na Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro hupima udongo.

Mzizi ukionekana mweupe na mzima, matibabu ni machache mno kiasi cha kumkera mwenye mche. Kivuli cha makuti kwa wiki moja au mbili, hasa upande wa jua la mchana. Matandazo yanayoacha nafasi ya kiganja kuzunguka shina ili mchwa wasipate daraja. Maji ya kutosha kulilowesha donge zima, kisha kusubiri mpaka kidole kikute ukavu kwa ndani ndipo kumwagilia tena. Mbolea ingoje majani mapya. Jani lililokwisha kugeuka njano au kukauka halirudi kuwa kijani, hivyo kulitazama hilo kila asubuhi ni kujihuzunisha bure. Funga uzi laini, bila kukaza, chini kidogo ya kichipukizi cha juu, kisha hesabu majani yanayofunguka juu ya uzi.