Maneno ya Mtihani wa Uraia: Kipi Ulipie, Kipi Uchukue Bure

Kabla hujatoa hela ya kozi ya Kiingereza cha mtihani wa uraia, jiulize kwanza: unaomba uraia wa nchi gani?

Kama ni wa Tanzania, funga pochi. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inamtaka mwombaji ajue Kiswahili au Kiingereza vya kutosha, na kimoja kinatosha. Mtu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba au Mishamo, mkoani Katavi, anayeambiwa anunue kozi ya Kiingereza ndipo aombe uraia wa hapa, anauziwa asichohitaji.

Kama ni wa Marekani, Kiingereza kinapimwa kweli. Mtihani huo hufanyika hukohuko Marekani, kwa kawaida baada ya miaka mitano ya ukaazi wa kudumu, au mitatu kwa aliyeoa au kuolewa na raia. Lakini anayejiandaa kumfuata mwenzi au mzazi wake anaweza kuanza kujifunza akiwa hapa Mpanda, tena kwa gharama ndogo.

Kwenye mtihani, ofisa wa uhamiaji humpa mwombaji hadi sentensi tatu, naye anatakiwa kusoma moja sawasawa. Kisha humsomea sentensi, naye aandike moja sawasawa kati ya tatu. Maneno ya kusoma yameorodheshwa na idara ya uhamiaji ya Marekani, USCIS, na hayafiki mia moja. Ni maneno kama "citizen", "vote", "President" na majina ya sikukuu. Sasa tulinganishe njia za kujifunza.

Orodha yenyewe. Inapakuliwa bure kwenye tovuti ya USCIS. Steshenari utalipia kuchapa tu, na orodha ni fupi. Ongeza hela kidogo iwekewe plastiki, maana karatasi tupu haimalizi masika. Usinunue kitabu kinene chenye orodha hiyohiyo ndani. Kasoro ya orodha ni moja: karatasi haitamki.

Simu. Sauti na mazoezi ya USCIS navyo ni bure, ila bando unalilipia wewe. Pakua mara moja ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, uhifadhi, kisha usikilize bila intaneti. Anayetazama video kila siku anakula bando la mwezi mzima kwa somo lilelile. Wanaochaji kwa kulipia wahesabu na hela ya chaji.

Mwanafunzi wa nyumbani. Sekondari zetu hufundisha kwa Kiingereza, hivyo kijana wa kidato cha tatu au cha nne anaweza kukusomea orodha yote na kukuandikisha imla jioni. Matamshi yake huenda yakatofautiana na ya ofisa, kwa hiyo sikiliza pia sauti ulizopakua. Kwa anayejua kusoma Kiswahili, hakuna njia rahisi kuliko hii.

Tuisheni. Mwalimu anafaa kulipwa pale mwanafunzi asipojua kusoma kabisa, au anapohitaji mtu wa kumsukuma. Uliza mapema: ada ni ya mwezi au ya kipindi? Mwalimu asipofika, hela inarudi? Vitabu viko ndani ya bei? Kisha jumlisha nauli ya kwenda na kurudi. Kwa anayetoka Mishamo kuja Mpanda mjini, nauli inaweza kuipita ada. Watu watatu au wanne wakichanga na kumwita mwalimu kijijini, kila mmoja hulipa kidogo. Vitabu navyo si lazima kununua: vya Kiingereza vya shule ya msingi vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomwa bure kwenye maktaba yake ya mtandaoni.

Kozi ya kulipia mtandaoni. Nyingi hutoza kwa dola na huendelea kukata hela kila mwezi mpaka ujiondoe. Anayekuahidi kufaulu kwa uhakika, mkimbie, kwa sababu anayeamua ni ofisa.

Gharama kubwa zaidi haiko kwenye masomo. Tangu tarehe 1 Aprili 2024, ada ya maombi ya uraia wa Marekani ni dola 760 kwa karatasi, au dola 710 kwa mtandao. Wenye kipato kidogo wanaokidhi vigezo hulipa dola 380. Ukishindwa mtihani mara ya kwanza, unarudia sehemu uliyoshindwa baada ya siku 60 hadi 90 bila ada mpya. Ukishindwa tena, ombi hukataliwa, na ukitaka kuomba upya unalipa upya. Haraka ya kuwasilisha fomu kabla ya kuiva ndiyo inayokula hela.

Usimlipie tuisheni mzee asiyeihitaji. Mwenye miaka 50 au zaidi aliyekaa Marekani miaka 20 kwa ukaazi wa kudumu, au mwenye 55 aliyekaa miaka 15, hapimwi Kiingereza. Hujibu sehemu nyingine ya mtihani, yaani maswali ya uraia, kwa lugha yake.

Pia kumbuka kwamba Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Anayechukua wa Marekani anapoteza wa hapa. Familia ilizungumze hilo, hasa penye mashamba na viwanja, kabla ya kulipa ada.

Uamuzi wetu: anayejua kusoma achukue orodha ya bure, sauti zilizopakuliwa na nusu saa ya imla kila jioni. Asiyejua kusoma alipe mwalimu, kwa kikundi. Hela inayobaki aiweke kwa ajili ya ada ya maombi.