Foleni ya mashine inavyowakosesha programu wenye kompyuta za zamani

Kila mkulima anaijua foleni ya mashine ya kusaga. Mahindi yapo, tena makavu, na mteja wa unga anasubiri. Lakini kama kijiji kizima kina mashine moja, debe lako linaweza kulala pale hadi kesho yake. Hapo mavuno hayana kosa. Kilichopungua ni mashine.

Foleni ya namna hiyo ipo pia katika programu za kompyuta, na hasara yake humfikia mfanyabiashara mdogo bila kujua inakotoka. Mwenye duka la pembejeo ananunua kompyuta ya mtumba, anawekewa mfumo wa bure wa Linux, anaanza kuandika humo hesabu za mbolea na mbegu. Baada ya muda anatafuta programu fulani, haipo. Au ipo, lakini ni toleo la zamani, wakati jirani yake mwenye kompyuta mpya amekwishapata jipya. Wengi hulaumu mtandao au fundi. Mara nyingine chanzo kiko mbali zaidi: mashine za kuandaa programu hizo ni chache, na aina ya kompyuta yake imewekwa mwisho wa foleni au imeondolewa kabisa.

Programu nayo husagwa

Programu huandikwa na mtu kwa maneno na alama anazoweza kuzisoma mtaalamu mwenzake. Kompyuta yenyewe haielewi maandishi hayo. Lazima kwanza yapitishwe kwenye kompyuta nyingine yenye kazi hiyo maalumu, iyageuze kuwa lugha ya prosesa, yaani ule ubongo wa mashine. Kinachotoka hufungwa kama kifurushi, ambacho mtumiaji hukipakua na kukitumia. Vifurushi hivi visichanganywe na vile vya muda wa maongezi wa simu.

Tatizo ni kwamba prosesa si za aina moja. Unga uliosagiwa prosesa za Intel hauliki kwenye za Motorola. Kwa hiyo programu moja ikihudumia aina 11 za kompyuta, lazima isagwe mara 11, na kila mara mwandishi anapoibadilisha, kazi inaanza upya.

Kisa cha Debian

Mfano unaoeleweka vizuri ni wa Debian, mfumo wa bure ulioanzishwa mwaka 1993 na Ian Murdock. Debian haina mmiliki. Huendeshwa na watu wanaojitolea, na mashine zake nyingi ni za msaada kutoka kwa vyuo, kampuni na watu binafsi. Inagusa watu wengi kwa sababu mifumo mingine imejengwa juu yake, ikiwamo Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini.

Debian ilijivunia kutomwacha mtu. Mwaka 1998 ilitoa toleo la kwanza lililohudumia aina mbili za kompyuta: zile za Intel, na zile za prosesa za Motorola 68000 zilizokuwa ndani ya kompyuta za Amiga, Atari na Macintosh za zamani. Kufikia Julai 2002 aina zilikuwa 11.

Mzigo nao ukakua. Toleo la mwaka 2002 lilikuwa na vifurushi zaidi ya 8,000. Lililofuata, la Juni 2005, lilikuwa na zaidi ya 15,000. Mashine za Motorola hazikuongezeka kasi, kwani prosesa hizo zilikuwa za kizazi kilichopita. Programu kubwa iliyosagwa kwa saa chache kwenye kompyuta mpya iliweza kuchukua siku kadhaa kwenye hizo.

Jambo hilo liliwagusa hata wasio na kompyuta za Motorola. Kwa utaratibu wa Debian, kifurushi kipya hakikuruhusiwa kuingia katika toleo linaloandaliwa mpaka kiwe kimesagwa kwa kila aina inayohudumiwa. Mwenye kompyuta ya Intel, ambaye unga wake ulikuwa tayari siku ya kwanza, alimsubiri mwenzake wa Motorola. Ni sawa na lori la ushirika lisiloondoka mpaka gunia la mwanachama wa mwisho lifike.

Mkutano wa mwaka 2005

Machi 2005, wasimamizi wa matoleo ya Debian walikutana mjini Vancouver, Kanada. Wakati huo ilikuwa imepita zaidi ya miaka miwili na nusu bila toleo jipya. Walitoka na pendekezo lililozua mabishano makali: toleo litakalofuata lihudumie aina chache tu, huenda nne.

Masharti waliyoyataja yanaweza kueleweka na mwenye mashine yoyote ya kusaga. Aina ya kompyuta inayotaka kubaki iwe imesaga asilimia 98 ya programu zote. Iwe na mashine za kutosha kumaliza kila kinachoingia bila limbikizo, pamoja na moja ya akiba kwa siku ambayo nyingine itaharibika. Na hizo za kutosha, ukiacha ya akiba, zisizidi mbili. Aina inayohitaji mashine kumi ili isichelewe ilionekana kuwa mzigo kwa wote.

Waliopinga walisema sifa ya Debian ni kuwahudumia walioachwa na wengine. Waliounga mkono walijibu kwamba mfumo usiotoka kwa wakati haumsaidii yeyote, hasa pale marekebisho ya usalama yanapochelewa na wezi wa mtandaoni kupata mwanya.

Mwisho wake haukuwa mkali kama pendekezo. Toleo lililotoka tarehe 8 Aprili 2007 lilibaki na aina 11, lakini Motorola haikuwamo, na nafasi yake ilichukuliwa na kompyuta za biti 64. Wapenzi wa Motorola hawakukata tamaa. Waliendelea kusaga wenyewe nje ya toleo rasmi, na baadaye walitumia kompyuta za kisasa zinazoigiza zile za zamani.

Zamu ya biti 32

Kwa Afrika Mashariki, jambo hili lina uzito zaidi sasa, kwa sababu walio mwisho wa foleni leo ni wenye kompyuta za biti 32, ambazo bado zinapatikana kwenye mitumba.

Juni 2019, Ubuntu ilitangaza kuacha kabisa kuandaa vifurushi vya kompyuta hizo za Intel. Watumiaji walilalamika, na kampuni ikakubali kuendelea na vifurushi vichache vilivyochaguliwa. Debian ilifuata Agosti 2025. Toleo lake la 13 haliwezi tena kusakinishwa upya kwenye kompyuta ya biti 32. Toleo la 12, la Juni 2023, ndilo la mwisho linaloruhusu hivyo.

Simu nazo zimeguswa. F-Droid, ghala la programu huria za simu za Android lililoanzishwa mwaka 2010, husaga lenyewe programu inazozitoa badala ya kupokea zilizosagwa na waandishi. Agosti 2025, kifaa kipya kilichotolewa na Google kwa ajili ya kazi hiyo kilikataa kufanya kazi kwenye seva ya F-Droid, kwa kuwa prosesa yake ilikuwa ya zamani na haikuwa na baadhi ya amri zilizohitajika. Waandishi wa programu walikuwa wametoa matoleo mapya, lakini watumiaji wa baadhi ya programu waliendelea kuona yale ya zamani.

Mambo ya kuangalia

Mkulima au mfanyabiashara hawezi kuongeza seva za watu walio ng'ambo. Anachoweza ni kuhakikisha fedha zake haziishii kwenye mashine iliyokwisha kuachwa.

Kwanza, kabla ya kulipia kompyuta ya mtumba, mwombe muuzaji aiwashe na afungue ukurasa wa taarifa za mfumo. Mfumo ulioandikwa biti 32 unaweza kuwa umewekwa kwenye prosesa ya biti 64, kwa hiyo uliza prosesa yenyewe ni ipi. Za Intel Core 2 Duo, zilizoanza kuuzwa mwaka 2006, ni za biti 64. Pentium 4 nyingi za mwanzo si za biti 64.

Pili, kama tayari unayo ya biti 32, usiitupe. Inaweza kuandika barua na kutunza leja bila kuunganishwa na mtandao. Kazi za benki na malipo zifanyie kwenye mashine inayoendelea kupata marekebisho ya usalama.

Tatu, programu ikikosekana, fundi aangalie kwanza kama kifurushi hicho kinaandaliwa kwa aina ya prosesa yako na kwa toleo la mfumo ulilonalo. Huenda akakuokolea gharama ya kubadilisha modemu isiyo na kosa.

Nne, tunza nakala ya hesabu zako nje ya kompyuta, kwenye diski ndogo au kwenye daftari. Siku mashine yako itakapoondolewa kwenye foleni, utahama na kumbukumbu zako zote.

Kitu cha bure nacho kina gharama yake, hata kama anayeilipa haonekani. Nyuma ya kila kifurushi kuna mashine iliyowashwa, umeme uliolipiwa na mtu aliyekesha kuitengeneza. Vinapopungua, wa kwanza kulala na debe lake ni yule mwenye kompyuta iliyochakaa.