Maneno 'Gluten Free' katika nchi ya ngano: nani aliyepima?

KATIKA miaka ya karibuni, rafu za maduka makubwa mjini Nakuru zimepokea pakiti za unga wa wimbi, mtama, muhogo na ndizi zilizochapishwa maneno ya Kiingereza 'Gluten Free', yaani chakula kisicho na gluteni. Kwa mnunuzi wa kawaida maneno hayo ni pambo tu, na pengine ni kisingizio cha kupandisha bei. Kwa mtu anayeugua siliaki, afya yake yote imeegemea hapo. Swali ambalo wachache hujiuliza ni hili: nani aliyepima?

Gluteni ni protini inayopatikana katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike bila kukatika unapokandwa, na mkate uumuke usianguke. Kwa watu wengi haina neno. Lakini mgonjwa wa siliaki anapoila, kinga ya mwili wake huugeukia utumbo mwembamba na kuviharibu vijidole vidogo mno vinavyofyonza chakula. Vijidole hivyo vikishaharibika, mtu hula akashiba lakini mwili ukabaki na njaa. Damu hupungua kwa kukosa madini ya chuma, mifupa hudhoofika, tumbo hujaa gesi na kuharisha, na mtoto hudumaa. Huu si mzio unaotulizwa kwa kidonge. Tiba ni moja tu, nayo ni kuacha gluteni maisha yote.

Aliyetambua jambo hilo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke. Alikuwa ameushuku unga wa ngano tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, na njaa ya majira ya baridi ya 1944 hadi 1945 ikampa ushahidi. Mkate ulipoadimika nchini humo, watoto wagonjwa walipata nafuu. Uliporejea, nao ugonjwa ukarejea.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba siliaki ni ugonjwa wa Wazungu. Dhana hiyo iliporomoka mwaka 1999, uchunguzi uliochapishwa na jarida la Lancet ulipoonyesha kwamba asilimia 5.6 ya watoto wa Sahara Magharibi waliopimwa walikuwa nao, ilhali makadirio ya dunia nzima ni takriban mtu mmoja katika kila 100. Ugonjwa huu unajulikana pia katika maeneo ya ngano ya kaskazini mwa India, yakiwemo Punjab, ambako ndiko chimbuko la baadhi ya familia za Kihindi zilizoishi Nakuru tangu enzi za ujenzi wa reli. Hapa kwetu dalili zake hufanana na za amiba, minyoo na maradhi mengine ya tumbo, na haishangazi mgonjwa akitibiwa hayo yote kwanza. Anayejishuku asiache ngano kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili walioamshwa na gluteni, na ukiiacha mapema majibu yanaweza kupotosha.

Turejee kwenye pakiti. Neno 'Free' lina maana ya kutokuwemo kabisa, lakini katika sheria za chakula halina maana hiyo. Tume ya Codex, inayoendeshwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na WHO, ilirekebisha kiwango chake mwaka 2008 na kuamua kwamba chakula kinaweza kuitwa hivyo iwapo gluteni iliyomo haizidi miligramu 20 katika kila kilo moja. Marekani ilitoa kanuni yenye kikomo hicho hicho mwaka 2013, na Umoja wa Ulaya nao unakitumia.

Miligramu 20 ni kitu gani? Kipande kimoja cha mkate wa ngano kina takriban gramu mbili za gluteni. Uchunguzi uliofanywa Italia na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kuwa miligramu 50 kwa siku kwa muda wa miezi mitatu zinatosha kuudhuru utumbo. Hiyo ni sehemu moja tu ya arobaini ya kipande hicho, makombo yanayosalia kwenye kisu. Mtu akila nusu kilo ya vyakula vilivyo kwenye ukingo wa kikomo cha Codex atakuwa amemeza miligramu 10, kiasi ambacho wataalamu wanakiona salama kwa wagonjwa wengi. Kikomo hicho basi kina mantiki, mradi kweli kimepimwa.

Hapo ndipo penye utata, na katika Bonde la Ufa utata huo una historia. Lord Delamere alipanda ngano Njoro katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ugonjwa wa kutu ukaivamia, na kituo cha utafiti kilichoanzishwa hapo mwaka 1927 kingali kinapambana na kutu hadi leo, sasa kikiwa chini ya shirika la KALRO. Kutoka Njoro hadi Mau Narok, na kuvuka hadi Narok, ngano na shayiri ni riziki ya watu. Mashine ya kuvuna iliyotoka shamba la ngano huenda kesho yake ikaingia shamba jingine. Gunia lililobeba ngano hukung'utwa likatiwa mtama. Lori, ghala na turubai ya kuanikia ni vile vile.

Kisha kuna kinu cha posho. Wimbi kwa asili halina gluteni hata chembe, wala mtama, mahindi, mchele, muhogo au viazi. Lakini aliyetangulia kwenye foleni akiwa amesaga ngano ya chapati, unga wa kwanza kumwagika baada yake utakuwa na ngano, na mwenye kinu hana sababu ya kumwonya mtu. Sokoni, gorogoro iliyochota unga wa ngano huchota wa wimbi bila kuoshwa. Unga wa uji wa mchanganyiko ni tatizo zaidi, kwa sababu baadhi ya wasagaji hutia ngano makusudi ili uji uwe mzito.

Kwa hivyo msagaji mdogo, au kikundi cha kina mama, anapoandika 'Gluten Free' kwenye pakiti ya wimbi, aghalabu hasemi uongo. Anachosema ni kweli kuhusu mmea. Mgonjwa naye husoma maneno hayo hayo kana kwamba yanahusu unga ulio ndani. Kati ya mmea na unga kuna safari ndefu, na safari hiyo ndiyo inayopaswa kupimwa.

Hofu hii si ya kubuni. Mwaka 2010, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupima sampuli 22 za nafaka, mbegu na unga ambazo kwa asili hazina gluteni na ambazo hazikuwa na lebo ya kudai hivyo. Saba zilizidi kikomo cha miligramu 20, na unga mmoja wa soya ulikuwa na miligramu zinazokaribia 3,000 kwa kilo. Hata lebo ya kampuni kubwa inaweza kuteleza. Mnamo Oktoba 2015, kampuni ya General Mills iliondoa sokoni pakiti takriban milioni 1.8 za Cheerios zilizotengenezwa katika kiwanda chake cha Lodi, California, baada ya unga wa ngano kuingizwa kimakosa kwenye mitambo ya bidhaa iliyoandikwa kuwa haina gluteni. Tofauti ni kwamba huko kosa liligunduliwa na bidhaa zikarudishwa. Mahali ambapo hakuna anayepima, hakuna kosa linaloweza kugunduliwa.

Je, sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kuweka lebo ya kupotosha. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya kupewa habari anazohitaji na ya kulindwa afya yake. Kiwango cha Afrika Mashariki kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa, EAS 38, kikifuata Codex, kinataka nafaka zenye gluteni zitajwe miongoni mwa viambato. Msomaji atambue, hata hivyo, kwamba kinachodaiwa hapo ni viambato vilivyotiwa kwa kujua. Vumbi lililoachwa kinuni si kiambato.

Wengi huitafuta alama ya shirika la viwango, KEBS, na wanafanya vyema. Alama hiyo huonyesha kwamba bidhaa imeidhinishwa kwa kiwango chake. Kwa unga, mambo yanayoangaliwa ni kama vile unyevu na sumu ya kuvu. Mtu asidhani kuwa alama hiyo peke yake ni cheti cha gluteni. Wala idhini si ya milele: mnamo Novemba 2019, KEBS yenyewe iliondoa sokoni aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Kibali kinaweza kuthibitishwa kwa kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya # na nambari ya kibali kwa 20023.

Lebo inayostahili kuaminiwa zaidi ni ile inayoonyesha nani aliyepima na kwa kikomo gani. Bidhaa za kutoka Ulaya huwa na mchoro wa suke la ngano lililokatwa kwa mstari, na mchoro huo hutolewa kwa leseni na vyama vya wagonjwa. Bidhaa nyingine hutaja chini ya miligramu 20, au 10, kwa kilo. Msagaji wa hapa aulizwe bila haya: je, kinu chako husaga ngano? Umewahi kupeleka sampuli maabara, na unaweza kunionyesha matokeo? Kipimo kinachotambuliwa na Codex huitwa R5, na mwenye biashara aliyekifanya atafurahi kukionyesha. Aliyeudhika na swali naye amejibu.

Tahadhari moja kuhusu maneno 'Wheat Free'. Hayo husema kwamba hamna ngano, lakini shayiri inaweza kuwemo, hasa kama kimea katika vinywaji vya unga na vyakula vya kiamshakinywa. Bia ya kawaida ni shayiri. Mchuzi wa soya wa chupa mara nyingi una ngano. Hata hostia ya Misa ni ngano: barua ya Vatikani ya mwaka 2017 ilisisitiza kwamba isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye kiasi kidogo inakubalika, na muumini anaweza kupokea divai pekee.

Lakini pakiti si njia pekee, na kwa kipato cha wengi wetu haiwezi kuwa. Viazi vya Molo, maharagwe, ndizi, mayai, maziwa, sukuma wiki na nyama havihitaji lebo. Wimbi na mahindi yanunuliwe yakiwa punje, yapembuliwe kwa uangalifu, yaoshwe, yaanikwe kwenye turubai safi, na yasagwe kwenye kinu kisichogusa ngano au kwa mashine ndogo ya nyumbani. Jikoni, mwiko na ubao wa chapati viwe mbali na chakula cha mgonjwa. Chipsi za kibandani zina shida yake, kwani viazi havina neno ila mafuta ndiyo yaliyokaanga mandazi asubuhi.

Baada ya yote hayo, hospitali hurudia kipimo cha damu, kwa kawaida miezi sita baada ya kuanza mlo mpya, kisha kila mwaka. Askari wa mwili wakiwa wangali wengi, kuna gluteni inayoingia kutoka mahali fulani, hata kama kila pakiti jikoni inadai vinginevyo. Wakipungua ni habari njema, ingawa kipimo hicho hakinasi kila chembe ndogo, na daktari huenda akataka kuuchungulia utumbo wenyewe ikiwa dalili hazijaisha. Siku ya kliniki, mgonjwa aende na pakiti tupu za unga aliokuwa akitumia.