Karamu Iliyokuwa Mahakama

Kila tunapotembelea vikundi, ugomvi tunaoukuta mara nyingi si wa pesa. Ni wa jambo lililokubaliwa zamani, halafu kila mtu analikumbuka kivyake. "Tulisema shamba ni la kikundi." "Hapana, tulisema ni la kukodi tu." Sasa nani ataamua? Ndiyo sababu tumeona tuwaeleze habari za watu ambao zamani walikuwa hawaandiki, na bado mambo yao ya ardhi na uongozi yalikuwa na ushahidi wa kutosha.

Hao ni Watsimshian, wenyeji wa pwani ya kaskazini ya British Columbia, huko Kanada, kando ya mto Skeena. Tangu zamani wanategemea sana samaki aitwaye salmoni. Kwao mtoto ni wa ukoo wa mama. (Wazee wa Kidigo hapa kwetu hawatashangaa.) Koo ni nne: Kunguru, Tai, Mbwa-mwitu na Nyangumi. Kwa sheria yao, mtu haoi ndani ya ukoo wake. Kila ukoo una nyumba nyingi, na tukisema nyumba hatusemi jengo. Ni jamaa wa upande wa mama, pamoja na mahali pao pa kuvua, kuwinda na kuchuma matunda. Wa nje akitaka kuvua hapo, anaomba kwanza.

Mkuu wa nyumba hubeba jina la nyumba. Cheo na haki ya ardhi vinafuata jina hilo. Mwenye jina akifariki, jina halizikwi naye. Hupewa mwingine, mara nyingi mpwa wake, mtoto wa dada. Lakini mpwa hawezi kujitwalia jina kimyakimya. Lazima nyumba iite karamu.

Hapa ndipo penye kiini cha sheria yao. Wanaoitwa ni watu wa koo nyingine, na kila mmoja huketi mahali panapolingana na cheo chake. Wenyeji husimulia historia ya nyumba, inayoitwa adaawx: walitoka wapi, ardhi waliipataje, jina lilibebwa na nani. Mwenye neno aseme pale pale. Kisha wageni hulishwa na kupewa zawadi. Msidhani ni kujionyesha utajiri tu! Zawadi ile ni malipo ya ushahidi. Ukishaipokea umekubali uliyoyasikia, na miaka ijayo ukiulizwa, ni wajibu wako kuyakumbuka.

Serikali ya Kanada haikuona hivyo. Mwaka 1884 ilipitisha sheria ya kupiga marufuku karamu hizi, kifungo miezi 2 hadi 6. Wamisionari wengi waliunga mkono, tuseme bila kuficha. Hata kabla ya hapo, mwaka 1862, mmisionari William Duncan alianzisha kijiji cha Metlakatla, na waliohamia huko walitakiwa kuziacha. Waliona ni upotevu wa mali. Kumbe walikuwa wanafunga ofisi ya ardhi, mahakama na daftari la vyeo, vyote kwa siku moja. Marufuku ilidumu mpaka 1951, na hata hivyo wako waliofanya karamu kwa siri.

Baadaye jirani zao Wagitxsan, ambao lugha yao ni ya jamii moja na Kitsimshian, walikwenda kortini pamoja na Wawet'suwet'en kudai ardhi. Wazee walisimulia historia za nyumba zao mbele ya hakimu. Mwaka 1991 hakimu wa jimbo alikataa kuzipa uzito. Wakakata rufani. Tarehe 11 Desemba 1997 Mahakama Kuu ya Kanada ilisema historia ya mdomo lazima ipimwe sawa na hati zilizoandikwa. Haikuwakabidhi ardhi siku hiyo. Iliamuru kesi isikilizwe upya, na ikawahimiza wote wakae chini wazungumze.