Roketi Iliruka, Bomba Likabaki

Vijana wawili walibishana chuoni petu: mmoja asema fedha za tajiri zaweza kila kitu, wa pili asema hayo ya roketi na safari za bombani ni hadithi tupu. Sisi twaona wamekosea wote wawili.

Kampuni ya Elon Musk, SpaceX ya Marekani, ilirusha roketi tatu katika miaka ya 2006 hadi 2008, zote zikapotea. Septemba 2008 ya nne ikafika, na mwaka 2020 kampuni hiyo ikapeleka wanaanga katika kituo cha kimataifa.

Lakini mwaka 2013 Musk alitangaza pia safari ya ndani ya bomba lililopunguzwa hewa, Los Angeles hadi San Francisco kwa dakika 35. Kampuni nyingine ikalijaribu wazo hilo huko Nevada: Novemba 2020 abiria wawili walikwenda mwendo wa kilomita 172 kwa saa, katika bomba la nusu kilomita tu. (Treni za Japani zaupita mwendo huo kila siku!) Mwisho wa 2023 kampuni ikafungwa.

Roketi yataka kiwanja kimoja, na serikali ilikuwa tayari kulipia mizigo. Bomba lataka ardhi za watu kwa mamia ya kilomita, na kila kiungo kizuie hewa usiku na mchana. Elimu hailikatazi, ila hatujamwona wa kulilipia.