Kitasa Hakina Kosa

Mlango wa slaidi ukianza kugoma kufunga, fundi anayeitwa kwanza ni wa vitasa. Ndoano ya kitasa haiingii kwenye tundu lake, basi kitasa kinabadilishwa, au tundu linapigwa tupa mpaka ndoano ipite. Mlango unafunga, fundi analipwa. Baada ya muda ndoano inakosa tundu tena. Kitasa mara nyingi hakina kosa lolote hapo. Mlango ndio umeshuka, na umeshuka kwa sababu ya vigurudumu vilivyo chini yake, ambavyo hakuna aliyeinama kuvitazama.

Ninalisisitiza hili kwa sababu nyumba za pwani yetu zina milango mingi ya alumini na kioo, na inauma kuona mlango unang'olewa ungali mzima, eti umezeeka. Alumini haizeeki upesi hivyo. Kinachouchosha mlango ni uzito, uchafu na nguvu za mikono yetu.

Tuanze na uzito. Kioo cha milimita 6 kina kilo 15 kwa kila mita ya mraba. Mlango wenye upana wa mita 1 na kimo cha mita 2.1 una zaidi ya kilo 31 za kioo peke yake, bila kuhesabu fremu. Mzigo wote huo umekalia vigurudumu vidogo vinavyopita kwenye ukingo mwembamba wa reli. Punje chache za mchanga zikikaa njiani, mkono unazisikia.

Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu. Mlango ukiwa mzito wanamimina mafuta ya kula, au oili ya gari, kwenye reli. Kwa siku kadhaa unateleza vizuri. Kisha mafuta yananasa vumbi, nywele na mchanga unaoletwa na upepo, na tope hilo linaisugua reli kama msasa kila mlango unapopita. Reli haitaki mafuta, inataka usafi. Ifagie ikiwa kavu, chokonoa pembe kwa mswaki wa zamani, nyonya vumbi kwa mashine kama unayo, ndipo upitishe kitambaa chenye maji ya sabuni na kuikausha. Ukitaka ulaini zaidi, puliza silikoni kidogo, kwa sababu ikikauka hainasi vumbi kama oili. Milango mingi hupona hapo hapo.

Ukiwa umeinama, tafuta matundu madogo ya kutolea maji upande wa nje wa fremu. Yakiziba, maji ya masika hujaa kwenye reli na kumwagikia sebuleni, na lawama inamwangukia aliyepaka silikoni ukutani.

Kama reli ni safi na mlango bado unakwaruza, usogeze karibu ufunge, kisha tazama pengo lililobaki kati yake na fremu. Juu ukigusa na chini pakabaki wazi, kigurudumu cha upande wa kitasa kimeshuka. Juu pakiwa wazi na chini ukigusa, kilichoshuka ni cha upande wa pili. Kwenye milango mingi kuna skrubu ya kupandisha na kushusha, karibu na pembe ya chini, mara nyingi imefunikwa kwa kizibo cha plastiki. Mtu mmoja auinue mlango kidogo kupunguza uzito, mwingine azungushe bisibisi, nusu mzunguko tu, kisha mjaribu tena. Pengo likilingana juu na chini, ndoano italipata tundu lake yenyewe.

Skrubu ikikataa kuzunguka, usiilazimishe. Kwenye hewa ya chumvi, skrubu ya chuma iliyofungwa kwenye alumini hushika kutu, na alumini inayoizunguka hulika na kutoa unga mweupe. Weka mafuta ya kulegeza kutu, uiache kwanza. Kichwa cha skrubu kikishaisha, kazi ya dakika chache inageuka kazi ya kutoboa.

Kigurudumu ambacho beringi yake imekwama hakizunguki tena, kinaburuzwa. Hiki ndicho cha kuogopa, kwa sababu kigurudumu hununuliwa kivyake dukani, lakini reli kwa kawaida imetengenezwa pamoja na fremu ya chini. Ukiendelea kuusukuma mlango huo kwa bega, unaokoa bei ya kigurudumu na kuipoteza fremu. Kukibadilisha, shusha kwanza skrubu zote, muwe watu wawili wenye glavu na viatu, inueni mlango uingie zaidi kwenye mfereji wa juu, kisha vuteni sehemu ya chini. Watoto wawe mbali kabisa. Nenda dukani na kigurudumu cha zamani mkononi, maana vinavyofanana kwa macho hutofautiana kwa kimo.

Ukiona fremu ya juu imepinda katikati na kuulemea mlango, acha bisibisi. Hapo ukuta au linta ndiyo inayokandamiza, na anayehitajika ni fundi wa ujenzi.

Kazi ikiisha, funga mlango, toka nje, uushike kwa mikono miwili na kuuinua. Mlango ulioshushwa sana huacha nafasi juu, na mwizi anaweza kuutoa kwenye reli bila kugusa kitasa. Ukiinuka kiasi hicho, upandishe kidogo, au funga kipande cha plastiki ngumu ndani ya mfereji wa juu, kabla hamjalala.